Maisha ya J.R.R. Tolkien: Misitu ya Kubuni na Misitu ya Kweli

Ndugu wasomaji, ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri kwa kawaida huwa wa wapigania uhuru, na kwa kweli ni haki yao. Safari hii nimewaomba wahariri waniachie nafasi nimlete Mwingereza mmoja mtunga hadithi. Nikaulizwa papo hapo, sasa huyu anatuhusu nini? Jibu fupi ni kwamba alizaliwa Afrika, akakulia katika mji huu huu wa Birmingham tunaosoma, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akalazwa katika majengo ya chuo chetu wenyewe. Jibu refu ndiyo makala haya.

Jina lake ni John Ronald Reuel Tolkien. Wengi wetu tulimjua kupitia zile sinema tatu zilizotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, zenye mapanga na majitu. Mimi nilirudi kwenye vitabu baadaye, na kilichonishika si mapanga bali miti. Mimi ni injinia wa barabara. Katika fani yetu msitu ni eneo la kijani kwenye ramani, lenye idadi ya hekta na gharama ya kusafisha njia. Mzee huyu alibuni misitu ambayo haipo popote duniani, lakini baada ya kuisoma, misitu iliyopo nikaanza kuiuliza maswali. Hebu tuanze mwanzo.

Kutoka Bloemfontein hadi Sarehole

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, uliokuwa mji mkuu wa jamhuri ya Makaburu ya Orange Free State, ambayo sasa ni sehemu ya Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Mama yake, Mabel, alisafiri kutoka Birmingham kumfuata, wakaoana Cape Town mwaka 1891. Nyumbani kwao palikuwa na mtumishi Mwafrika aitwaye Isaak. Siku moja Isaak alimbeba mtoto bila kuaga, akaenda naye kwao ili jamaa zake nao wamwone mtoto wa Kizungu. Nyumba nzima ikataharuki! Hata hivyo hakufukuzwa kazi, na mwanawe mwenyewe alipozaliwa akampa jina la Tolkien miongoni mwa majina yake.

Kando ya nyumba yao Arthur alipanda miti, miberoshi na mierezi, kwa kuwa nchi ile ya nyasi ilikuwa wazi mno machoni pake. Hakuifaidi sana. Mwaka 1895 Mabel aliwachukua wanawe wawili, Ronald na mdogo wake Hilary, akawapeleka Uingereza kwa sababu joto lilimsumbua Ronald. Arthur alibaki kazini, na Februari 1896 akafariki kwa maradhi. Ronald alikuwa na miaka minne. Afrika hakurudi tena.

Mjane huyo mwenye kipato kidogo alipanga nyumba Sarehole, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Birmingham. Mbele ya nyumba palikuwa na kinu cha maji cha kusaga nafaka. Leo Sarehole imemezwa na jiji, basi linafika, na kinu chenyewe kimekuwa makumbusho. Wakati ule palikuwa na mto mdogo, mashamba na vichaka vya kuchezea. Mabel alikuwa mwalimu wa wanawe, na pamoja na lugha aliwafundisha habari za mimea. Ronald alipenda umbo la mti, ganda lake na majani yake kuliko masomo mengi mengine.

Hapo Sarehole likatokea jambo dogo ambalo hakulisahau hadi uzeeni. Kando ya bwawa la kinu palikuwa na mti wa willow, ule ambao matawi yake huinamia maji, na yeye alizoea kuukwea. Siku moja watu wakaukata. Hawakuufanyia kitu chochote, wala ubao wala kuni. Gogo likaachwa limelala pale pale. Ndugu zangu, mti ukikatwa kwa shida mtu huelewa, maana watu wanahitaji mlango na kitanda. Mti uliokatwa bure ndio uliomkaa moyoni.

Yatima, mwanafunzi, mwanajeshi

Mwaka 1900 familia ilihamia ndani ya mji ili Ronald awe karibu na shule. Mwaka huo huo mama yake aliingia dhehebu la Kikatoliki, na ndugu zake wengi wakamtupa, pamoja na msaada wa fedha waliokuwa wakimpa. Mwaka 1904 Mabel akafariki kwa kisukari akiwa na miaka 34. Dawa ya insulini ilikuwa bado haijapatikana duniani. Vijana wakabaki chini ya uangalizi wa padri mmoja wa Birmingham, Francis Morgan, aliyewalea na kuwasomesha.

Akiwa na miaka 16 Ronald alikutana na Edith Bratt, yatima mwenzake aliyemzidi miaka mitatu. Padri alipogundua akamkataza wasiwasiliane mpaka afikishe miaka 21. Kijana akatii, si mchezo! Siku alipotimiza 21 akamwandikia barua. Walioana Machi 1916, na miezi michache baadaye akapelekwa vitani Ufaransa.

Alikuwa amemaliza Oxford mwaka 1915 kwa daraja la kwanza katika lugha na fasihi ya Kiingereza. Jeshini alikuwa afisa wa mawasiliano, kazi ya simu za mahandakini, bendera, taa na njiwa. Alikuwa katika mapigano ya Somme, yaliyoanza tarehe 1 Julai 1916. Siku hiyo ya kwanza rafiki yake wa shule, Rob Gilson, aliuawa. Mwezi Desemba akafuata rafiki mwingine, Geoffrey Smith.

Pale Somme aliona pia misitu ikiuawa. Mizinga iliifanya kuwa visiki na matope. Kuna msitu mmoja wa eneo hilo, Delville, ambako kikosi cha Afrika Kusini kiliingia katikati ya Julai 1916. Tolkien hakupigana ndani ya msitu huo, lakini mfano wake unatosha: vita vilipokwisha, mti mmoja tu wa zamani ndio uliokuwa bado hai. Miti mingine yote unayoiona hapo leo ilipandwa upya.

Novemba 1916 alirudishwa Uingereza akiwa na homa ya mahandaki, inayoenezwa na chawa. Hospitali aliyoletwa ndiyo iliyokuwa ndani ya majengo ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Ukumbi ule mkubwa tunaofanyia mitihani na mahafali ulikuwa wodi. Sisi tunapita pale na makabrasha yetu, tukiwaza mtihani tu. Homa iliendelea kumrudia rudia, na katika miezi hiyo ya ugonjwa akaanza kuandika hadithi za kwanza za ulimwengu wake. Mwaka 1917, katika kijiji cha Roos huko Yorkshire, mkewe alimchezea ngoma ndogo kwenye uwazi katikati ya miti, penye maua meupe. Kutokana na siku hiyo akamtunga Lúthien, binti wa msituni.

Profesa na misitu yake

Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Oxford, kisha akafundisha Leeds, na mwaka 1925 akawa profesa wa Kiingereza cha kale Oxford. Alikaa huko mpaka alipostaafu mwaka 1959. The Hobbit ilitoka Septemba 1937. The Lord of the Rings ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuiandika, ikatoka kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955. Msomi wa lugha, baba wa watoto wanne, aliandika usiku baada ya kusahihisha mitihani. Wenzangu wa shahada ya uzamivu mnaolalamika kuhusu muda, mnasikia?

Sasa tuingie msituni. Katika hadithi hizi kuna misitu minne mikubwa, na kila mmoja una tabia yake.

Wa kwanza ni Old Forest, unaopakana na nchi ya Hobbits, watu wafupi wapenda chakula. Msitu huu una uadui. Njia zinahama, na mti wa willow uliozeeka unawabana wasafiri ndani ya shina lake. Lakini soma vizuri utaona sababu. Zamani Hobbits walijenga ua mrefu kuuzuia, kisha wakakata mamia ya miti na kuichoma moto mahali pamoja. Msitu unakumbuka. Huyo willow katili nikimsoma hukumbuka yule wa Sarehole.

Wa pili ni Mirkwood, wenye giza na mabuibui wakubwa. Huu haukuzaliwa na giza. Mwanzo uliitwa Greenwood, msitu wa kijani, mpaka nguvu mbaya ilipojenga ngome ndani yake. Ngome ilipoangushwa, msitu ukasafika na kupewa jina jipya.

Wa tatu ni Lothlórien, wenye miti ya dhahabu ambayo wenyeji huishi juu ya matawi yake. Uzuri wake una sababu pia: wenyeji wanaipenda ile miti na kuitunza.

Wa nne ni Fangorn, makazi ya Ents, wachungaji wa miti ambao wenyewe wanafanana na miti. Jirani yao, mchawi Saruman, anakata msitu kulisha matanuri ya viwanda vyake. Ents ni wazito kuamua. Mkutano wao huchukua siku tatu. Wakishaamua, wanaivunja ngome kwa mikono na kuufungulia mto uifurike. Inasemekana wazo la miti inayotembea lilimjia utotoni alipokutana na mchezo wa Macbeth wa Shakespeare. Pale msitu unatabiriwa kwenda vitani, kumbe ni askari tu waliobeba matawi! Kijana alisikitika sana, akajiahidi kutunga hadithi ambamo miti itakwenda vitani kweli.

Ukiweka misitu hii minne pamoja unaona jambo moja: hakuna msitu mbaya wala mzuri kwa asili. Kila mmoja uko jinsi ulivyo kwa sababu ya yale uliyotendewa. Hili silitungi mimi. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, gazeti la Daily Telegraph lilitumia jina lake kuelezea kiza cha mashamba ya misonobari ya serikali. Mzee hakukubali. Aliliandikia gazeti barua akaeleza kwamba katika vitabu vyake vyote yeye yuko upande wa miti dhidi ya maadui zake. Akaueleza msitu mmoja mmoja: huu una uadui kwa sababu ya majeraha, ule umetiwa hofu na adui mwenye mashine, na ule mwingine ni mzuri kwa sababu umependwa. Sauti ya msumeno wa injini aliichukia waziwazi.

Inafaa kujua kwa nini mashamba yale yalikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza ilikuwa imebakiwa na misitu kwenye asilimia 5 hivi tu ya ardhi yake. Vita vya kwanza vikamaliza mbao nyingi, kwa hiyo mwaka 1919 serikali ikaanzisha Forestry Commission ili kupanda haraka miti inayokua upesi. Walipanda kwa safu, aina moja, umri mmoja. Leo misitu imefika kama asilimia 13 ya nchi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini misitu ya kale, ile ambayo imekuwepo kwa karne nyingi mfululizo, ni asilimia 2.5 hivi tu. Kwenye ramani yote ni kijani. Anayehesabu hekta peke yake haoni tofauti, ila msomaji wa Tolkien anauliza swali la pili: huu msitu umetoka wapi, na umefanyiwa nini?

Nendeni Moseley Bog mkajaribu swali hilo. Ni msitu mdogo wenye kinamasi, karibu sana na kinu cha Sarehole, na Tolkien alicheza maeneo hayo utotoni. Ndani yake kuna alama za watu wa enzi ya shaba, na mabaki ya bwawa lililokuwa likipeleka maji kwenye kinu. Katika miaka ya 1980 palipangwa kujengwa nyumba, na wakazi wakapinga mpaka wakashinda. Leo ni hifadhi. Kwa jicho la haraka ni pori lenye matope. Kwa jicho lingine ni kumbukumbu ya maelfu ya miaka, na kama injinia naongeza: ni sponji linalokawiza maji ya mvua yasikimbilie mtoni yote kwa mara moja. Siku hizi mainjinia wa Uingereza hupanda miti makusudi kwa ajili ya kupunguza mafuriko. Ule mto wa Ents na hesabu zetu za maji si vitu viwili vilivyo mbali sana.

Mwafrika anamsomaje?

Sitaki kumfanya mzee malaika. Katika The Lord of the Rings, watu weusi wa Kusini wamo upande wa adui, na hawapewi nafasi ya kueleza yao. Msomaji Mwafrika anafika hapo na kusita, na ana haki ya kusita. Upande wa pili ni kweli vilevile: katika hotuba yake ya kuaga Oxford mwaka 1959 alilaani hadharani ubaguzi wa rangi wa nchi aliyozaliwa. Yote mawili ni yake, tuyachukue yote mawili.

Kuna wanaosema, sisi tuna misitu yetu na hadithi zetu, za nini hizi za Wazungu? Mimi kwetu ni pwani ya Kenya. Nyanya yangu alikuwa akituambia msitu una wenyewe, usiingie ukipiga kelele, usivunje tawi bila sababu. Misitu ya kaya za Wamijikenda imelindwa na maneno kama hayo kwa vizazi, na wataalamu wa mimea walipoingia walikuta aina adimu ambazo nje ya pale zimeshakwisha. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo Tolkien hakutuletea jambo geni. Tatizo ni kwamba tukienda shule, na hasa shule za uinjinia, maneno ya nyanya tunayaacha mlangoni tukiyaita ushirikina. Mimi ilinibidi niyasikie tena kwa Kiingereza, kutoka kwa profesa, ndipo nikayapa heshima. Hilo linaniuma kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wala hadithi hizi hazisemi tusikate mti kamwe. Hobbits wana milango ya mbao, na wale Ents wenyewe walipoteza wake zao kwa sababu wake walipenda bustani na mashamba, waume wakapenda pori, wakashindwa kukaa pamoja. Tolkien hakuupatanisha ugomvi huo, na sisi tunauishi hadi leo: barabara inahitajika, mgonjwa lazima afike hospitali, na msitu uko njiani. Swali lake ni lile la gogo la Sarehole. Ukikata, unajua umekata nini? Na umekitumia?

Mwisho wa maisha yake

Edith alifariki Novemba 1971. Mzee akamfuata tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81. Wamezikwa pamoja Wolvercote, Oxford, na juu ya jiwe kumeandikwa jina la Lúthien chini ya la mke na la Beren chini ya la mume, wale wapenzi wa msituni. Katika bustani ya mimea ya Oxford palikuwa na msonobari mkubwa mweusi alioupenda sana. Mwaka 2014 matawi yake mawili makubwa yalianguka, ikabidi uondolewe kwa usalama wa watu. Safari hii gogo halikuachwa lilale tu.

Mwishoni mwa The Lord of the Rings, Sam mtunza bustani anarudi kwao na kukuta miti imekatwa ovyo. Ana kijisanduku cha udongo alichopewa zawadi kule Lothlórien. Angeweza kuumwaga wote kwenye bustani yake. Badala yake anazunguka nchi nzima, na kila palipokatwa mti mzuri anapanda mche na kuweka chembe moja ya udongo. Ndugu zangu, wengi wetu tutarudi nyumbani na vyeti, na baadhi yetu tutapewa kalamu ya kuchora mstari kwenye ramani. Kabla ya kuuchora, tushuke garini, tuingie ndani ya ile kijani, na tumtafute mzee wa pale atuambie msitu ule una jina gani.

Wasalaam, na kila la heri katika mitihani.